Mgonjwa wa presha aandikiwe majina ya dawa zake



Natoa maoni yangu kuhusu vidonge vya presha ambavyo ndani yake mna dawa mbili. Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini huku vijijini linahatarisha maisha ya wazee wetu.

Kwanza niseme kwamba vidonge hivi ni vizuri, na sina nia ya kuwatisha wananchi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya namna hii katika orodha yake ya dawa muhimu, na mwaka 2021 likashauri vitumike katika matibabu ya presha. Sababu yake inaeleweka. Dawa mbili kwa vipimo vidogo mara nyingi hushusha presha vizuri kuliko dawa moja kwa kipimo kikubwa, tena mgonjwa hana haja ya kukumbuka vidonge vingi.

Chukua mfano wa kidonge chenye losartani na haidroklorothiazaidi. Losartani huilegeza mishipa ya damu ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Haidroklorothiazaidi huzifanya figo zitoe chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Kazi ni mbili, kidonge ni kimoja.

Tatizo ni kwamba mgonjwa wengi wao hawaambiwi hivyo. Anapewa bahasha iliyoandikwa 1x1, anaambiwa ameze kimoja kila asubuhi, basi. Nyumbani ana vidonge vya zamani vilivyobaki, na kwa desturi yetu dawa haitupwi. Hivyo humeza kipya na vya zamani pamoja, akidhani anaongeza nguvu ya tiba.

Sisi walimu wa vijijini huletewa pakiti za dawa tuzisome, kwa kuwa nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka jana mjukuu wa mama mmoja mzee aliniletea pakiti tatu. Bibi yake alikuwa akipatwa na kizunguzungu kila anapoinuka, na siku hiyo alikuwa ameanguka njiani akitoka kisimani. Pakiti ya kwanza ilikuwa ya losartani, ya pili ya haidroklorothiazaidi, na ya tatu, iliyo mpya, ilikuwa na zote mbili. Mama huyu alikuwa akimeza zote tatu. Hesabu yake ni rahisi: katika kidonge kipya mlikuwa na miligramu 12.5 za haidroklorothiazaidi, na katika kile cha zamani miligramu 25. Jumla ni 37.5, yaani mara tatu ya alichoandikiwa. Tulimpeleka kwa mganga siku ile ile, akaacha vile vya zamani, na sasa hajambo.

Mimi si mganga. Lakini yako mambo ambayo kila mwananchi anayetumia kidonge cha namna hii yafaa ayajue. Ukiona kwenye pakiti namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kama 50/12.5, jua kwamba humo mna dawa mbili. Herufi HCT au HCTZ ni kifupi cha haidroklorothiazaidi. Ukisahau kumeza leo, usimeze viwili kesho. Usiache dawa kwa sababu unajisikia mzima, maana presha ni ugonjwa wa kimyakimya. Mtu anaweza kulima shamba zima huku mishipa yake inaharibika. Wala usimgawie jirani, hata kama naye ana presha.

Mama mwenye mimba asitumie losartani, kwani inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Akijihisi ana mimba aende kliniki mara moja abadilishiwe dawa. Aliyewahi kudhurika na dawa za salfa amweleze mganga kabla ya kupewa haidroklorothiazaidi. Anayetapika au kuharisha sana aende zahanati akaulize kama aendelee na kidonge, kwa kuwa mwili umekwisha kupoteza maji na kidonge kitazidi kuyatoa. Akivimba midomo au uso, asingoje kuche, apelekwe hospitali.

Jambo jingine ni dawa za maumivu. Mkulima akiumwa mgongo hukimbilia dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizi hupandisha presha, na zikichanganywa na kidonge hiki zinaweza kuziumiza figo. Kabla ya kununua, muulize muuzaji, na umwonyeshe pakiti ya dawa yako ya presha.

Wapo wanaosema kwamba wanakijiji hawawezi kukariri majina haya magumu, na kwamba tukiwaeleza mengi wataogopa dawa. Sikubaliani nao. Mkulima anayejua tofauti ya DAP na UREA, anayejua ipi ya kupandia na ipi ya kukuzia, hawezi kushindwa kujua dawa mbili zinazoingia mwilini mwake kila siku. Anachohitaji ni kuelezwa kwa lugha yake.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. La kwanza, kila anayetoa dawa aandike kwa Kiswahili, kwenye bahasha au katika daftari la mgonjwa, majina ya dawa zote mbili, kazi zake, na dawa za zamani ambazo mgonjwa aziache. La pili, mgonjwa anapokwenda zahanati achukue vidonge vyote alivyo navyo nyumbani, na visivyohitajika avirudishe huko huko. La tatu, wanaohusika na uandikishaji wa dawa nchini wahakikishe kwamba karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti inasomeka pia kwa Kiswahili.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika vijijini kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vya Kiswahili, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Kama wakati ule mwananchi aliweza kufundishwa namna ya kujikinga na malaria na kuhara, leo hashindwi kufundishwa kilichomo ndani ya kidonge chake.

Mwalimu wa Kijiji,
Kilosa.