Kompyuta zetu zisilale

SAA tisa na nusu alasiri karani hufunga ofisi na mwalimu hufunga chumba cha kompyuta, kila mmoja akiamini kwamba kazi ya siku imekwisha. Kumbe iliyofungiwa humo ni nguvu-kazi ya Taifa, inayoachwa ilale hadi asubuhi.

Wananchi wanaifahamu gridi ya Taifa. Umeme wa Kidatu na wa Mtera huingia katika mfumo mmoja, na anayewasha taa haulizi umetoka bwawa gani. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kompyuta waliliazima jina hilo. Gridi ya kompyuta ni mashine nyingi zilizounganishwa ili hesabu kubwa igawanywe vipande, kila mashine ifanye chake, kisha majibu yakusanywe. Mkulima wa Usukuma hahitaji kufundishwa jambo hilo: shamba linaloshinda jembe moja hulimwa na kundi.

Hii si ndoto. Mwaka 2006 mpango wa MalariaControl.net, ulioongozwa na wanasayansi wa Uswisi, ulianza kutumia kompyuta za watu wa kujitolea, wakati wenyewe hawazitumii, kukadiria jinsi malaria inavyoenea Afrika na jinsi ya kuipiga vita. Malaria ilikuwa yetu. Kompyuta nyingi zilikuwa za wenzetu.

Hapa Lamadi, mkoani Simiyu, somo hilo liko mlangoni. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti ni jirani yetu. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walitega kamera 225 ndani ya Hifadhi, wakapata mafungu ya picha yapatayo 1,200,000. Kazi ya kuwatambua wanyama iligawiwa kwa intaneti kwa watu zaidi ya 28,000 wa kujitolea. Huko yaliyogawana kazi ni macho ya watu, lakini kanuni ni ile ile. Tujiulize: kijana wa Lamadi, anayewajua nyumbu na pundamilia tangu utotoni, alishiriki kwa kiasi gani?

Wapo watakaosema kwamba mashine zetu ni chache na umeme hukatika. Ni kweli. Lakini katika gridi mashine moja ikizimika, kipande chake hupewa nyingine. Wengine watahofia siri za Serikali. Siri zisiingizwe humo. Takwimu za mvua, mazao na malaria zatosha kwa kuanzia.

Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, baada ya mitambo iliyonunuliwa kugharimu fedha nyingi bila tija. Funzo lake lingali hai: kosa ni kununua mashine bila kuipangia kazi.

Basi wizara na vyuo vikuu vyetu vianze na shule chache zilizofikiwa na Mkongo wa Taifa, vipime gharama na faida, kisha viwaeleze wananchi matokeo. Kompyuta inayolala usiku kucha ni sawa na jembe lililoachwa ghalani wakati mvua inanyesha.