Ringi ya lori la jeshi haina mshikaji

Wiki hii mapenzi tunayaweka kando, tunahamia kwa mafundi pancha. Usigune dada, najua una kaka au mchumba anayeshinda gereji. Msomee.

Vijana wa kiume tuna ugonjwa mmoja: tukishika nyundo watu wakiangalia, masifa yanaanza. Kwa tairi ya gari dogo hasara yake ni kuchubuka kidole. Kwa lori la jeshi ni matanga.

Chukua M35, lile lori la jeshi la Marekani lililoanza kutengenezwa mwaka 1950. Wenyewe wanaliita kwa mzigo wake, tani mbili na nusu. Lina tairi kumi za tyubu, saizi 9.00-20. Mengi yameshauzwa kwa raia, na wapo wanaoyafufua kwa raha zao tu. Sasa rimu yake si kipande kimoja. Upande mmoja tairi inashikiliwa na ringi ya chuma iliyokatwa, inayokaa kwenye mfereji wa rimu. Upepo ukijaa, ringi hiyo inasukumwa kwa nguvu ya tani kadhaa. Ikiwa imekaa kombo, inaruka kama kombora. Ndiyo maana Wamarekani wakaziita rimu za aina hii "mtengeneza wajane". Na usicheke, malori ya mizigo ya kwetu yenye tairi za tyubu za inchi 20 nayo yanatumia rimu za ringi.

Tuseme tairi inavuja taratibu. Kabla hujagusa nati hata moja, ng'oa kile kijiti cha ndani ya valvu, upepo utoke wote. Kama ni tairi za nyuma zilizokaa mbili mbili, toa upepo zote mbili. Kisha pitisha waya kwenye valvu, maana valvu ikiziba na uchafu itakudanganya kwamba tairi ni tupu.

Ukishaishusha, ng'oa ringi kwa mitaimbo, toa tyubu na ule mkanda wa mpira unaoilinda. Ijaze tyubu upepo kidogo, izamishe kwenye maji, mapovu yatakuonyesha tundu. Piga kiraka, lakini usiishie hapo. Papasa ndani ya tairi polepole, msumari uliotoboa huenda bado upo, na utatoboa tena kabla hujamaliza chai.

Halafu piga brashi ya waya kwenye rimu na ringi. Ukiona ufa, kupinda au kutu iliyokula chuma, tupa. Usichomelee. Wala usiazime ringi ya rimu nyingine eti zinafanana. Kufanana siyo kuoana, hilo hata kwenye mapenzi tunalijua.

Kujaza ndiko kwenye noma. Marekani waliweka kanuni yake mwaka 1980: rimu ya vipande inajazwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wa upepo unaojishika wenyewe kwenye valvu, na fundi asimame pembeni, mbali na njia ya ringi. Ukiona ringi haijakaa vizuri, usiigonge na nyundo ikiwa na upepo. Toa upepo wote, anza upya. Ndiyo, wote!

Shida ni kwamba mara nyingi anayeinamia tairi ni utingo, kijana wa miaka kumi na tisa, huku tajiri mwenye lori anaangalia saa. Kizimba hakuna, mpira mfupi, na mizigo inasubiriwa. Dogo anaona aibu kukataa, asije akaitwa mwoga.

Dogo, kubali kuitwa mwoga. Lori lina tairi kumi, wewe una kichwa kimoja. Na tajiri akizidi kukuharakisha, mpe mpira wa upepo, mwambie ainame yeye.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.