Chai baridi ya Thailand: Siri si rangi, ni majani

Jua la Januari na Februari halina mzaha. Nairobi huwaka, Mombasa na Kisumu hutokota, na kila mtoto anayeingia nyumbani hunyosha mkono kuomba pesa za soda. Wale wakubwa, hasa wanafunzi wa vyuo, wamegundua kinywaji kingine: chai ya rangi ya chungwa, tamu kama asali, iliyomiminwa juu ya barafu na kuongezwa maziwa. Hiyo ndiyo chai baridi ya Thailand. Katika mikahawa ya jijini, bei ya bilauri moja huweza kununua majani ya kutosha familia wiki nzima.

Leo tutaitayarisha jikoni mwetu wenyewe. Faida ni mbili: utahifadhi pesa, na utajua hasa kilichomo kabla mtoto hajakinywa.

Wathai huiita cha yen, yaani chai baridi. Huko Bangkok, mchuuzi hutia majani ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa wenye mpini, akamwagia maji moto, kisha akayapitisha tena na tena mpaka chai ikolee kabisa. Hutia sukari na maziwa mazito ya mkebe, akakoroga na kumimina juu ya barafu. Maziwa ya mkebe yalishika mizizi katika nchi za joto kwa sababu hayakuhitaji friji kabla ya kufunguliwa. Mteja aliye na haraka hutiliwa chai yake katika mfuko wa plastiki, akachomeka mrija na kwenda zake.

Na ile rangi inatoka wapi? Wengi hudhani kuna majani ya ajabu yanayoota Thailand pekee. La hasha. Ni chai nyeusi, na rangi ya chungwa katika pakiti nyingi zinazouzwa hutokana na rangi ya chakula iitwayo Sunset Yellow, ambayo kwenye pakiti huandikwa pia E110. Rangi hii imeruhusiwa katika nchi nyingi. Lakini tangu 2010, Umoja wa Ulaya hudai kwamba chakula chenye rangi hiyo kiwe na onyo kuwa huenda ikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Basi mzazi, soma pakiti kabla ya kulipa.

Isitoshe, sisi Wakenya tuna bahati. Majani yetu mengi husagwa na kukatwakatwa vipande vidogo kiwandani, kwa hivyo hutoa rangi na ukali upesi. Chai ya namna hiyo ndiyo hasa inayoweza kustahimili barafu na maziwa. Majani yaliyomo katika mkebe wako, yawe ya Kericho, Nandi au Murang'a, yanatosha.

MAHITAJI (bilauri nne)

Maji vikombe 3
Majani ya chai vijiko 3 vya mezani
Iliki 3, zilizopondwa
Mdalasini kijiti 1 kidogo
Anisi yenye umbo la nyota 1 (ukiikosa, si neno)
Sukari vijiko 2 vya mezani
Maziwa mazito matamu ya mkebe vijiko 4 vya mezani
Maziwa ya kawaida kikombe 1, yaliyochemshwa na kupoa
Vipande vya barafu

NAMNA YA KUTAYARISHA

Chemsha maji pamoja na viungo kwa dakika tano. Epua, tia majani, funika na uache dakika tano tu. Usiyachemshe pamoja na maziwa kama tulivyozoea, wala usiyaache yatokote kwa muda mrefu, kwani chai itakuwa chungu na ya kukausha ulimi.

Chuja kwa kichujio chembamba au kitambaa safi. Tia sukari na maziwa mazito wakati chai ingali moto, maana katika kitu baridi sukari hukaa chini ya bilauri. Onja: inapaswa kuwa kali kuliko unavyopenda, kwa kuwa barafu itaizimua. Iache ipoe kabisa, ama sivyo bilauri itapasuka.

Jaza barafu, mimina chai hadi robo tatu, kisha ongeza maziwa ya kawaida polepole yateremke kama wingu. Rangi yake itakuwa ya kahawia iliyoiva wala si ya chungwa. Usijali, ladha ndiyo hiyo hiyo.

Barafu nayo igandishwe kwa maji yaliyochemshwa. Kuganda hakuui viini vyote vya maradhi.

Asiyetaka maziwa aache maziwa yote mawili, aongeze sukari kidogo na kukamulia ndimu. Wathai huinywa hivyo pia, wakaiita cha manao. Ila usichanganye ndimu na maziwa, yatakatika.

TAHADHARI

Kila bilauri ya kipimo hiki ina sukari inayokaribia vijiko vinne vya chai, na ya mkahawani huweza kuzidi hapo sana. Mnamo 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni bora mtu mzima asizidi takriban vijiko sita kwa siku nzima. Kwa hivyo kiwe kinywaji cha Jumapili, wala kisichukue nafasi ya maji.

Usiwape watoto pamoja na chakula, kwani chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili hupata kutoka kwa sukuma wiki na maharagwe. Wadogo kabisa wapewe maziwa matupu. Nanyi wanafunzi, bilauri hii usiku itawafukuzia usingizi, na kichwa kisicholala hakikumbuki kitu kwenye mtihani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu kutoka Thailand amekuja. Mkaribisheni kwa majani ya kwenu. Jumapili njema.