Lori Jipya Laja, Vipuri Viko Wapi?



Mashambani tumezoea kuambiwa, "Vumilieni, lori jipya laja." Na hili kuukuu linalotubeba alfajiri, dereva hukanyaga breki mara tatu ndipo zishike.

Tuwatazame wenzetu wa iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Mtu aliyetaka gari la Trabant alijiandikisha, akangoja miaka 10 na zaidi. Aina ya 601 ilianza kutengenezwa mjini Zwickau mwaka 1964, ikaendelea karibu vile vile hadi 1990. Mafundi wa kiwanda walikuwa wamebuni aina mpya, lakini mwaka 1968 wakubwa wakaizuia. Basi watu wakashika spana. Injini ya silinda mbili ilipozwa kwa upepo, haikuhitaji pampu ya maji. Tangi lilikaa juu yake, petroli ikateremka yenyewe. Fundi wa nyumbani aliiweza. Vipuri ndivyo vilivyokuwa adimu. Na kwa kuwa jipya lilingojewa miaka mingi, gari kuukuu liliweza kuuzwa ghali kuliko jipya!

Ustadi ule tunauheshimu. Lakini hapa kwetu ustadi wa fundi unageuzwa kisingizio: madhali lori linatembea, ofisi haioni sababu ya kununua hata balbu ya taa. Waya wa kufungia unatosha, wanasema, wao wasiopanda.

Kwa hiyo katika mazungumzo na mwajiri tudai kwanza breki, tairi na taa, kwa tarehe iliyoandikwa. Lori jipya lifuate. Na dereva akikataa kuondoka kwa sababu ya breki mbovu, asiadhibiwe, nasi tulipwe siku hiyo.