TRENI IKIANGUKA TWAULIZA. MAMA AKIFA MBONA KIMYA?



Kuna msemo tunaousikia kila siku kwamba ajali haina kinga. Sisi watu wa reli twajua kuwa msemo huu ni kweli nusu tu. Behewa moja la mizigo likitoka njiani, hata kama hakuna mtu aliyeumia, wakubwa huja, reli hupimwa, mataruma hutazamwa na kitabu cha stesheni hufunguliwa. Dereva, gadi na mshika pointi huulizwa mmoja mmoja: Ilikuwa saa ngapi? Nani alitoa ruhusa? Breki zilikuwaje? Hapana mtu asemaye, "Ni mapenzi ya Mungu," kisha akaenda zake nyumbani.

Sisi wa Makueni hatujasahau Ngai Ndethya. Mwaka 1993 daraja lilichukuliwa na mafuriko, gari la abiria likatumbukia mtoni, na watu zaidi ya 100 wakafa. Msiba ule ulizungumzwa nchi nzima, na kila mtu alitaka kujua sababu yake.

Basi nauliza: mama akifa hospitalini akizaa, nani hufungua kitabu?

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionekana kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai katika Kenya, akina mama 355 walikufa kwa sababu ya uzazi. Ukigawa vizuri utaona ni kama mama mmoja katika kila uzazi 280 hivi. Je, ni nani kati yenu angekata tikiti kama katika kila abiria 280 mmoja hafiki? Reli ya namna hiyo ingefungwa siku ya kwanza.

Wengine watasema kosa ni la akina mama wenyewe, kwamba wanazalia nyumbani na kuja hospitali wakati umepita. Maneno hayo yalikuwa na nguvu zamani, lakini leo yamepungua nguvu. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2008 na 2009, akina mama waliojifungulia hospitalini, katika vituo vya afya na zahanati walikuwa 43 katika kila 100. Tarehe 1 Juni 2013 Serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake. Ulipofanywa uchunguzi wa mwaka 2022, wakawa 82 katika kila 100. Waliambiwa waende, nao wakaenda. Wanapanda pikipiki usiku, wanapita makorongo ya Kasikeu mpaka barabara kuu, wanafika mlangoni wakiwa hai. Tulisoma shuleni habari za Raheli, aliyekufa njiani kwenda Efrata akimzaa Benyamini. Raheli hakuwa na hospitali. Mama wa leo anafia ndani yake.

Waganga husema kwamba mzazi hucheleweshwa mara tatu: nyumbani kabla ya kuamua, njiani, na tena baada ya kufika. Kuchelewa huku kwa tatu ndiko ninakotaka tukuangalie, maana mume hawezi kukuondoa, wala mama mkwe, wala mwenye pikipiki. Ni kazi ya hospitali na ya wale wanaoipa hospitali fedha.

Wataalamu wa Kenya walisoma majalada zaidi ya 480 ya akina mama waliokufa katika mwaka 2014, na ripoti yao ikatolewa mwaka 2017. Waliona kwamba karibu wanne katika kila kumi walikufa kwa kutokwa na damu. Tena waliona kwamba katika majalada tisa kwa kila kumi matunzo yalikuwa na kasoro, na kama mambo yangefanywa kwa njia nyingine huenda mwisho ungekuwa mwingine. Ndugu zangu, hiyo si habari ya mapenzi ya Mungu. Mungu hakuagiza sanduku la damu liwe tupu.

Tazameni jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Mama akiisha kuzaa, tumbo la uzazi lisipokaza, damu hutoka kama maji ya tangi lililopasuka, naye aweza kufa katika muda wa saa mbili. Iko dawa ya kulikaza, iitwayo oksitosini, lakini dawa hii yataka kukaa mahali pa baridi. Umeme ukikatika na jenereta ikawa haina mafuta, dawa huharibika huku chupa ikionekana nzima. Kadhalika, muuguzi akikadiria damu kwa macho hukosea mara nyingi, na huijua hatari ikiwa imekwisha kuwa kubwa. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama aliwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, na damu ilipofika kwenye alama, tiba zote zilitolewa pamoja bila kungoja. Hatari ya kutokwa na damu nyingi mno na ya kupatwa na mambo mabaya yatokanayo nayo ilipungua kwa sehemu 60 katika 100. Mfuko wa plastiki wenye mistari! Si mashine ya mamilioni.

Sasa nasema neno juu ya wauguzi, na naomba lisikilizwe vizuri. Kuuliza kwa nini mama alikufa si kumtafuta muuguzi wa kumfukuza. Sisi wenyewe twajua uchungu wa jambo hilo. Ajali ikitokea, aliye chini kabisa ndiye wa kwanza kushikwa, na hapana anayeuliza kama alikuwa kazini saa kumi na sita, au kama taa yake ilikuwa na mafuta. Muuguzi mmoja akiachiwa wazazi sita usiku kucha, bila daktari na bila damu, huyo ni mfanyakazi kama sisi. Madaktari walipogoma siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na wauguzi nao walipogoma kwa miezi mitano mwaka huo wa 2017, wagonjwa waliumia sana, wala hatuwezi kulificha hilo. Lakini mengi waliyoyadai ni haya haya: watu wa kutosha kazini, na vyombo vya kufanyia kazi.

Huko Uingereza walilijua jambo hili mapema. Tangu mwaka 1952 kila kifo cha mzazi katika England na Wales kilianza kuchunguzwa kwa siri, majina yakafichwa, na matokeo yakachapishwa ili wote wajifunze. Walificha majina ya watu, lakini makosa waliyatoa nje. Hapa kwetu ni kinyume. Jina la muuguzi latajwa sokoni, lakini kosa lenyewe halijulikani na mtu. Wizara yetu ya Afya ina mwongozo wake, nao wasema kifo cha mzazi kiarifiwe katika saa 24 na kichunguzwe katika siku saba. Karatasi ni nzuri. Lakini nenda ukamwulize mume aliyefiwa kama aliwahi kuitwa akaambiwa kilichoonekana. Jirani yangu mmoja alimpeleka mkewe hospitali fulani akitembea kwa miguu yake mwenyewe, akarudishiwa maiti na maneno mawili tu: "Damu ilimwishia." Kwa nini iliisha, na kwa nini nyingine haikupatikana, hakuambiwa mpaka leo. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Basi haya ndiyo ninayotaka chama chetu kiyachukue.

Kwanza, tawi letu liandikie kaunti, ambayo ndiyo yenye hospitali hizi tangu mwaka 2013, tuulize kama kila kifo cha mzazi kinachunguzwa katika siku saba, na kama jamaa wanaitwa kuelezwa.

Pili, matokeo yasomwe barazani bila majina: mwaka huu wamekufa wangapi, wangapi kwa kukosa damu, wangapi kwa kukosa gari la wagonjwa, na ni nini kimetengenezwa tangu hapo. Diwani akija kuomba kura, aulizwe hesabu hiyo kwanza, barabara baadaye.

Tatu, tushikane na chama cha wauguzi. Uchunguzi uhesabu pia saa za kazi, idadi ya vitanda na dawa zilizokuwako usiku ule, usihesabu makosa ya mtu mmoja tu.

Nne, jambo lililo mikononi mwetu wenyewe. Damu haitengenezwi kiwandani. Kwa miaka mingi fedha za Marekani zililipia sehemu kubwa ya kazi ya kukusanya damu katika Kenya. Mwaka 2019 msaada huo ukakoma, na upungufu ukaonekana upesi. Mwanamume mzima mwenye afya aweza kutoa kila miezi mitatu, na mwanamke kila miezi minne. Katika gengi moja la njia wamo wanaume wenye nguvu za kuinua reli. Wakitoa kwa zamu, kama tunavyoshika zamu za kazi, hospitali itajua kila mwezi ni chupa ngapi zinakuja, wala haitangoja mpaka jamaa wa mgonjwa waanze kutafutana usiku.

Hatuombi miujiza. Tunaomba mama anayezaa apewe haki ile ile inayopewa behewa la mizigo, yaani likianguka, watu waje, wapime, waulize, na njia itengenezwe kabla gari jingine halijapita.

Mfanyakazi wa Reli,
Kasikeu