Limetengenezwa: na nani, na lini?

Karibu na kituo cha matatu hapa Buruburu ninakokaa pana mti uliobandikwa karatasi ya kutangaza gari. Imeandikwa hivi: "Peugeot 504. Limetengenezwa upya. Injini imebadilishwa. Halina shida yoyote. Bei inazungumzika." Nimeisoma kila asubuhi kwa muda wa wiki mbili, na kwa kuwa riziki yangu ni kufundisha isimu, nimeshindwa kuipita hivi hivi.

Haitakuwa haki kuanza kwa kumwita mwenye karatasi hiyo mwongo. Katika mitaa yetu ya Eastlands, kubadilisha gari si aibu hata kidogo; matatu isiyobadilishwa ndiyo hukosa abiria. Kariobangi kuna mafundi wawezao kutwaa bodi iliyoliwa na kutu, wakaitia injini ya Toyota na breki za gari jingine, nalo likaondoka likinguruma. Na 504 lastahili bidii hiyo. Lilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, na lile la bodi ndefu liliwapeleka wazee wetu Nakuru na Kisumu wakiwa wamebanana safu tatu. Ufaransa iliacha kuunda saluni hiyo mwaka wa 1983, ilhali hapa Kenya tuliendelea kuyaunganisha kwa miaka mingi baadaye. Siku hizi gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kwa kawaida kuingizwa nchini. Yaliyopo, basi, ni yale yale yanayohama kutoka mkono hadi mkono, na kila yanapohama kumbukumbu fulani hupotea.

Hebu tulitazame neno "limetengenezwa". Kauli ya kutendwa inamruhusu msemaji kumwacha mtenda nje ya sentensi. Kiambishi "-me-" nacho chatuambia kwamba hali fulani ipo, lakini hakisemi ilianza lini. Viwili hivyo vikikutana, mnunuzi amepewa kazi isiyo na fundi wala tarehe. Yawezekana gari lilitengenezwa juzi na bingwa. Yawezekana pia lilitengenezwa 1991 na mtu aliyekuwa akijifunza kuchomelea. Neno ni lile lile, na katika hali zote mbili ni kweli.

Mlinganishe na asemaye: "Machi mwaka jana nilimpelekea fundi injini, akabadilisha pistoni na ringi." Huyu amejifunga. Ametaja siku, ametaja mtu, ametaja vifaa. Huenda naye anadanganya, lakini uongo wake una mlango wa kuingilia: fundi anaweza kutafutwa na kuulizwa. Ndiyo maana mimi siupimi uaminifu wa maelezo kwa utamu wa sifa. Naupima kwa vitenzi, na kwa idadi ya mahali ambapo muuzaji amethubutu kuandika "sijui". Magari mengi ya enzi hizo yana mita za tarakimu 5 tu. Zikifika 99,999 zinarudi sufuri. Mtu anayekuhakikishia kwamba gari la umri huo limekwenda kilomita 60,000 anajuaje?

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinunua gari la aina hiyo kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Mvua za kwanza ziliponyesha, maji yalipanda kutoka sakafuni. Fundi alipobandua zulia alikuta kwamba gari lile lilikuwa magari mawili: nusu ya mbele ya moja na nusu ya nyuma ya jingine, yaliyochomelewa chini ya milango na kufunikwa kwa rangi nzito. Tena nambari ya injini haikuwa ile ya kwenye logbuku. Mzee alimrudia muuzaji akitetemeka kwa hasira. Akajibiwa kwa upole: "Lakini Mwalimu, nilikuambia limetengenezwa."

Naam, alimwambia. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ni sheria nzuri. Walakini "hali nzuri" hulinganishwa na nini? Kadiri maelezo yanavyokuwa matupu, ndivyo yanavyokuwa magumu kuvunjwa mahakamani.

Ningeyasema haya kwa kiburi zaidi lau nisingekuwa nami nauza gari. Marehemu baba aliacha 504 alilolinunua 1984, nami sina pa kuliweka. Nilipoketi kuandika tangazo, mkono wangu wenyewe, mkono wa mwenye shahada ya uzamifu, uliandika: "Limetunzwa vizuri." Nilipojisoma nilicheka, kisha nikaona haya. Limetunzwa na nani? Mimi sikulitunza, kwa miaka mitano lilikaa chini ya turubai.

Niliichana karatasi nikaandika upya. Baba alitoa injini ya kwanza 1998 akatia ya Toyota. Nambari imo katika logbuku. Fundi mmoja wa Kariobangi alikata sakafu iliyooza upande wa dereva mwaka wa 2009 akachomelea bati jipya. Yupo bado, nitakupeleka kwake. Mita imekufa, na umbali gari lilikokwenda siujui. Wala simjui aliyelipaka rangi hii ya pili.

Watu watatu wamenipigia simu. Wa kwanza aliniuliza, "Mzee wangu, hilo ni tangazo au ni toba?" kisha akakata. Wa pili alitaja bei ya vyuma chakavu. Wa tatu alikuja Jumamosi na fundi wake, wakalala chini ya gari kwa karibu saa nzima, wakatoka wamejaa vumbi na kuniambia kwamba hata boriti ya nyuma imewahi kuchomelewa, jambo ambalo sikulijua. Nimeliongeza katika karatasi. Bei bado hatujaelewana.