Picha ya kiungo kwenye kompyuta: inamsaidia nini mgonjwa wa Kagunga au Kalya?

Mtu akidondoka kutoka juu ya mchikichi, au akipata ajali ya bodaboda na goti likavimba, familia hujiuliza: limevunjika au limeteguka? Kwa majeraha magumu ya viungo, jibu la uhakika lilikuwa mbali na sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mgonjwa alipelekwa Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.

Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilitumika kununua mashine za CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwetu Kigoma, hospitali ya ngazi hiyo ni Maweni. Je, mashine hii inabadilisha nini kwa mwenye goti, nyonga au kifundo cha mguu kilichoumia?

Inafanyaje kazi?

Eksirei ya kawaida ni kama kivuli. Watu wawili wakisimama mmoja nyuma ya mwenzake, ukutani utaona kivuli kimoja. Ndivyo mifupa ya kiungo inavyofunikana kwenye picha, na ufa mdogo unaweza kujificha.

CT scan nayo hutumia miale ya eksirei, lakini mashine humzunguka mgonjwa aliyelala na kumpiga picha kutoka pande zote. Kompyuta huzikokotoa picha hizo na kutoa vipande vyembamba, kama slesi za mkate, kila kimoja kikiwa na unene wa takriban milimita moja. Kisha programu huvipanga tena vipande hivyo na kuunda umbo kamili la kiungo.

Daktari anaweza kuligeuza umbo hilo kwenye skrini. Anaweza kuuondoa mfupa wa paja kwenye picha ili autazame uso wa mfupa wa chini ya goti, na kupima umedidimia milimita ngapi. Hapo anajua kama plasta, ambayo wengi wetu tunaiita hogo, inatosha, au upasuaji unahitajika na vyuma viwekwe wapi.

Hesabu za teknolojia hii zina mizizi Afrika pia. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuzifikiria mwaka 1956 akiwa hospitalini Cape Town. Godfrey Hounsfield alitengeneza mashine yenyewe Uingereza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha mwaka 1971. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Si kila goti linahitaji CT scan

CT scan huonyesha mfupa vizuri sana. Gegedu, ile nyama laini inayozuia mifupa kusagana, na kano zinazofunga kiungo huonekana vizuri zaidi kwa MRI, mashine inayotumia sumaku. Kwa mzee ambaye magoti yanamuuma kwa miaka, mara nyingi uchunguzi wa daktari na eksirei ya kawaida vinatosha. CT scan ina miale mingi kuliko eksirei moja, hivyo haipigwi ovyo, na mjamzito lazima aseme mapema.

Muda ndio wenye uamuzi

Kwa maoni yetu, hapa ndipo kwenye tatizo kubwa. Mfupa haungoji picha. Wiki tatu zikipita, mfupa uliovunjika huwa umeanza kuunga, hata kama umekaa vibaya. Ukiwa umevunjika ndani ya kiungo, kuurudisha baadaye ni kazi ngumu, na mgonjwa anaweza kubaki na kilema au maumivu ya kudumu.

Sasa tazama safari ya mgonjwa. Anayetoka Kagunga, mpakani na Burundi, au Kalya, kusini huko Uvinza, hutegemea boti na hali ya ziwa. Wengi huanza kwa waunga mifupa wa kienyeji, kwa sababu wako karibu na gharama yao inajulikana. Lakini banzi likikazwa mno huzuia damu, na mguu unaweza kuoza. Mashine iliyoko mjini haitamfaa mgonjwa anayefika baada ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo kipimo cha mafanikio kisiwe kuwepo kwa mashine peke yake. Tuulize pia: zahanati inatoa rufaa haraka? Yupo mtaalamu wa kuisoma picha? Picha hizi ni taarifa za kompyuta. Zinaweza kutumwa kwa bingwa aliye mbali naye akatoa ushauri, mgonjwa akiwa bado Kigoma. Hilo linahitaji mtandao, umeme na fundi wa kuitunza mashine.

La kufanya ukiumia kiungo

Usikande wala kuvuta. Funga banzi bila kukaza, kisha nenda kituo cha afya. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, au mfupa ukitokeza nje, hiyo ni dharura: usisubiri kesho. Ukipewa rufaa, waombe wahudumu wapige simu kwanza kuuliza kama kipimo kinapatikana siku hiyo na gharama yake. Ukishapigwa picha, omba nakala kwenye sidii pamoja na ripoti, uzitunze. Ukihamishiwa hospitali nyingine, huenda zikakuepusha kulipia kipimo kilekile mara ya pili.